Shahada ya maigizo: uliza kwanza, jaza fomu baadaye

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za mkoa wetu wa Singida hugeuka kuwa vikao. Baba, mama, mjomba na pengine mwalimu mstaafu wa jirani humzunguka kijana na kumwuliza anataka kusomea nini. Akisema uuguzi, wazee hutikisa vichwa kwa kuridhika. Akisema uhasibu au sheria, mama hupiga kigelegele. Lakini atokee binti aseme, "Baba, mimi nataka kwenda Chuo Kikuu kusomea sanaa za maonyesho, niwe mwigizaji," hapo kikao hunyamaza. Baada ya kimya hicho mzee mmoja atauliza: "Yaani tuuze alizeti yote hii, ili wewe ukacheze?"

Swali hilo linachekesha, lakini halistahili kuchekwa. Lugha yetu yenyewe inampa mzee haki ya kuliuliza. Tunasema mchezo wa kuigiza, tunasema kucheza ngoma na kucheza mpira, na mtoto akijipaka vumbi uani tunasema anacheza. Mzee aliyepalilia alizeti Ikungi au vitunguu Mkalama, akisikia mwanawe anakwenda kucheza kwa miaka 3, ana kila sababu ya kushtuka.

Mazungumzo yangu ya leo hayana nia ya kumtisha kijana wala kumbembeleza mzazi. Nataka tuseme jambo moja ambalo nadhani vikao vingi hulisahau. Kuna kujifunza uigizaji, na kuna kupata shahada ya sanaa za maonyesho. Mambo hayo mawili ni ndugu, lakini si mapacha. Kijana anayeyachanganya huenda akamaliza chuo akiwa na cheti asichokihitaji, au akiwa na ufundi asioweza kuutumia kupata ajira.

Kwanza tumjibu mzee: je, hii ni kazi? Naam, ni kazi, tena imewahi kupimwa. Mwezi wa Julai mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na kinga dhidi ya Ukimwi. Watafiti walitaka kujua kama maigizo yanaweza kweli kubadili mwenendo wa watu. Basi kwa miaka 2 ya mwanzo mchezo huo haukurushwa kupitia mitambo ya Dodoma, ili eneo hilo lilinganishwe na maeneo mengine ya nchi. Ilionekana kwamba waliousikiliza waliongeza matumizi ya uzazi wa mpango kuliko watu wa eneo la Dodoma. Mchezo uliporuhusiwa Dodoma mwaka 1995, mabadiliko yakaanza kuonekana huko pia. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watunzi na waigizaji wenye sauti zao tu, ndani ya studio. Kwa hiyo mzee wangu, anayecheza namna hiyo yuko kazini.

Tena si redio pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji kuchambua matatizo yao na kuyatungia maigizo. Kazi hiyo iliendelea Bagamoyo, Msoga na Mkambalani. Mwaka 1996 ukaanzishwa mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana hutumia maigizo kueleza yanayowazuia kusoma. Mradi huo ulivuka mipaka ukaenda nchi nyingine za Afrika. Hayo yote ni matunda ya idara moja ya chuo, idara iliyoanzishwa Mlimani mwaka 1967.

Sasa tuje kwa kijana wetu. Anapochagua mahali pa kusoma, ana njia kadhaa hapa nchini, nami nitazitaja tatu.

Ya kwanza ni hiyo ya Mlimani, Dar es Salaam, kiasi cha kilometa 700 kutoka Singida mjini. Hapo ndipo waliposoma au kufundisha watu ambao vitabu vyao mnavijua. Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile iliyochapishwa mwaka 1969, alipita hapo kabla ya kwenda Berlin kwa masomo ya juu zaidi. Edwin Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, alifundisha hapo, na tamthiliya yake ya Ngoswe imesomwa na wanafunzi wetu wa sekondari kwa miaka mingi. Amandina Lihamba alifundisha, akatunga Hawala ya Fedha, akaigiza katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, ambayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa Marekani kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kigeni.

Njia ya pili iko karibu zaidi na sisi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinatoa shahada inayounganisha maigizo na filamu. Kutoka Singida mjini ni kiasi cha kilometa 240 za lami. Mzazi anayehesabu nauli za likizo anaelewa maana ya tofauti hiyo.

Ya tatu si chuo kikuu. Ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi bado wanaiita kwa jina la zamani, Chuo cha Sanaa. Kilianzishwa mwaka 1981 baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa, na tangu mwaka 1982 kimekuwa na tamasha lake la sanaa. Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyepeleka zeze na marimba yake duniani kote hadi alipofariki mwaka 2003, alifundisha hapo, na Wagogo ni watu wetu pia, pale Manyoni. Bagamoyo wanatoa astashahada na stashahada. Hawatoi shahada.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Katika chuo kikuu mwanafunzi husoma historia ya maigizo, nadharia, uandishi wa tamthiliya, uongozaji, maigizo ya kuleta maendeleo, utafiti, na ndani ya hayo husoma uigizaji. Uigizaji ni sehemu ya mlo, si sahani nzima. Mhitimu wake anaweza kuigiza, lakini ameandaliwa pia kufundisha, kutunga, kutayarisha vipindi na kuongoza miradi. Katika chuo cha ufundi wa sanaa mwili ndio daftari. Siku huanza kwa mazoezi ya viungo, sauti, ngoma na jukwaa, na nadharia huja kuusaidia mwili.

Hakuna njia iliyo bora kuliko nyingine kwa kila mtu. Kijana anayetaka kuwa mwalimu wa sanaa, ofisa utamaduni wa wilaya au mtayarishaji wa vipindi, asiikwepe shahada, kwa sababu mwajiri wa namna hiyo huanza kwa kutazama karatasi. Tena mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali ambamo sanaa bunifu zimepewa nafasi, na mkondo hauwezi kwenda bila walimu. Lakini kijana ambaye anachotaka ni kusimama jukwaani au mbele ya kamera basi, ajue kwamba mwongozaji wa filamu haombi kuona cheti. Anampa mtu karatasi yenye maneno, anasema, "Haya, tuone."

Na wapo wanaoweza kushika njia zote mbili kwa zamu. Mtu anaweza kuanza Bagamoyo akiwa na cheti cha kidato cha nne, akapata ufundi, kisha akatumia stashahada yenye ufaulu mzuri kuomba nafasi ya shahada. Safari hiyo ni ndefu, lakini anayeimaliza hufika darasani chuo kikuu akiwa tayari anajua kupumua jukwaani.

Kwa anayetoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu hiyo D mbili zinafikia kiwango. Lakini kufikia kiwango si kupata nafasi, na kila programu huweza kuweka masharti yake juu ya hayo. Mwongozo wa udahili hutolewa kila mwaka. Kijana ausome mwenyewe, mstari kwa mstari, asitegemee kusimuliwa na rafiki aliyeomba miaka miwili iliyopita.

Baada ya kuusoma mwongozo, yapo maswali ambayo mwongozo haujibu, na kuuliza si ujinga. Mimi ningeuliza matano.

Swali la kwanza: kwa mwaka mmoja, mwanafunzi hupanda jukwaani mara ngapi mbele ya watazamaji wasio wanafunzi wenzake? Watazamaji wa darasani hupiga makofi kwa sababu kesho ni zamu yao. Mtu aliyelipa kiingilio akichoka husimama akaondoka, na huyo ndiye mwalimu mkali kuliko wote.

Swali la pili: darasa la vitendo lina wanafunzi wangapi? Fanya hesabu. Kipindi cha saa 2 chenye wanafunzi 60 kinampa kila mmoja dakika 2. Katika dakika 2 mwalimu hawezi kusahihisha hata namna mtu anavyovuta pumzi, sembuse kumfundisha sauti itokayo tumboni ifike benchi la mwisho bila kupiga kelele.

Swali la tatu: wanafundisha jukwaa, filamu, au vyote? Kazi hizi hazifanani kama watu wanavyodhani. Jukwaani mwigizaji hubeba mchezo toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na uso wake lazima usomeke kwa mbali. Katika filamu mazishi yanaweza kupigwa picha Jumatatu na harusi ya marehemu huyohuyo ikapigwa Alhamisi. Mwigizaji lazima ajue moyoni yuko wapi katika hadithi, na kamera ikiwa karibu, kupepesa jicho tu ni neno zima. Basi kijana aulize kama kuna kamera, kuna ukumbi, na kama wanafunzi huvigusa au huvitazama kwa mbali.

Swali la nne: walimu wenyewe wanafanya kazi gani nje ya darasa? Lihamba alifundisha huku akitunga na kuigiza. Mwalimu wa namna hiyo humfundisha mwanafunzi alichokiona wiki hiyo, tena akisikia kuna kazi mahali humtaja mwanafunzi wake.

Swali la tano, nalo ndilo zito: waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi? Usiulize kuhusu yule mmoja aliye maarufu, maana kila chuo kina mmoja. Uliza juu ya darasa zima. Chuo kinachojua wanafunzi wake walikokwenda ni chuo kinachowajali.

Baada ya maswali hayo, ndugu wasikilizaji, linakuja suala la fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewasaidia watoto wengi wa wakulima. Lakini mkopo ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulirejesha. Mwigizaji kwa kawaida hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa kazi, na kati ya kazi na kazi kunaweza kupita miezi, wakati deni liko palepale. Anayekopa kwa ajili ya shahada hii aingie akijua kazi yake ya pili itakuwa nini: kufundisha, kuandika, kusoma matangazo, kuendesha kikundi. Na kwa upande wa stashahada, asihesabu mkopo wowote kabla ya kusoma mwongozo wa mwaka husika, kwa kuwa si kila fani ya ngazi hiyo hupewa.

Najua kuna atakayenipinga. Atasema, "Mbona Steven Kanumba hakuwa na shahada ya maigizo?" Ni kweli. Kijana huyo wa Shinyanga, jirani zetu, alipata jina kupitia kundi la Kaole, akafika hadi kuigiza na Wanigeria, na alipofariki Aprili 7, 2012, Dar es Salaam ilisimama. Mzee Small na King Majuto nao hawakupitia ukumbi wa mihadhara, na nchi nzima ilicheka nao. Kipaji hakiombi ruhusa ya TCU.

Lakini tuutazame ukweli wote. Kanumba hakuokotwa barabarani. Kaole lilikuwa kundi lenye mazoezi, na mazoezi ni shule hata kama hayana joho. King Majuto alipougua mwaka 2018, mambo ya mikataba yake yalizungumzwa hadharani hadi kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa. Mtu aliyewachekesha Watanzania kwa miongo mingi alihitaji kusaidiwa kudai jasho lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, lakini sheria humlinda zaidi anayeijua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana ningependa kila kijana aongeze swali la sita: je, katika programu hii kuna somo la mikataba na hakimiliki? Kama halipo, alitafute kwingine, lakini asiingie sokoni bila hilo.

Yupo pia atakayetaja Lupita Nyong'o wa Kenya, aliyepata Oscar mwaka 2014, kuwa ni ushahidi kwamba lazima mtu asome ng'ambo. Tazameni vizuri njia yake. Alisoma kwanza shahada ya filamu na maigizo Marekani, akafanya kazi nyuma ya kamera, na baadaye ndipo akaenda Yale kusomea uigizaji wenyewe, akamaliza mwaka 2012. Hata yeye alizitenganisha njia zile mbili, akazipita moja baada ya nyingine. Funzo lake kwetu liko katika mpangilio huo zaidi kuliko katika tiketi ya ndege.

Nimalizie kwa jambo linalotugusa sisi wa hapa. Mtoto wetu akifika Dar es Salaam atakuta watu wakimcheka kwa lafudhi yake. Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo chake kitasikika ndani ya Kiswahili chake, na mtu atamwambia kuwa kwa sauti hiyo atapewa nafasi za mlinzi na mjinga tu. Mafunzo mazuri hayamfuti mtu lafudhi yake. Humpa nyingine 3 au 4 juu yake, azivae na kuzivua kama maleba. Chuo kinachomfundisha mwanafunzi kuona haya kwa alikotoka kinamnyang'anya sehemu ya vifaa vyake vya kazi.

Kwa maana huku kuna kazi inayomngoja. Hadithi za bibi zetu bado zinasimuliwa pembezoni mwa ziwa Singidani, hazijafika jukwaani. Shule zetu zinasoma tamthiliya kama kitabu cha mtihani, na wanafunzi wengi wanamjua Ngoswe kwa maswali na majibu bila kumwona akitembea. Kijana atakayerudi na kikundi cha watu 6 na kuzunguka sekondari za Iramba, Manyoni na Ikungi akiwaonyesha wanafunzi kile wanachokisoma, huenda asitajirike. Lakini atakuwa na watazamaji ambao Dar es Salaam haiwezi kumpokonya. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Basi, wazazi, msifunge kikao kwa hasira. Na wewe kijana, usimjibu mzee wako kwa ndoto. Mjibu kwa majibu ya maswali yale sita, yaliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na gharama za miaka 3 na jina la kazi ya pili utakayoishika. Mzee aliyezoea kuangalia mawingu kabla ya kupanda mbegu ataelewa lugha hiyo. Kama majibu hayapo, subiri, endelea kuuliza. Alizeti ikishauzwa hairudi ghalani.